Daftari la Ua

Mahindi yalipotoka na majani ya zambarau
nilidhani ni urembo.
Nilimwita Mmbone aje aone:
tazama, mwanangu, shamba limevaa kitenge.
Nilipompigia Andayi, kaka yangu,
mwenye duka la pembejeo pale Luanda, alicheka.
"Hiyo si rangi, dada. Hiyo ni njaa.
Udongo wako mwekundu umekunja ngumi,
fosforasi imo ndani, haiachiliwi."
Akanitajia bei ya mfuko.
Nikanyamaza mpaka salio likaisha.

Mfuko wa mwaka juzi bado nadaiwa,
ukurasa wa saba wa daftari lake, kwa kalamu nyekundu.
Chembe za kijivu, zilizochimbwa jangwani
katika nchi nisiyoijua.
Andayi asema ni mifupa ya samaki wa kale,
wa bahari iliyokauka kabla ya jina lolote kuitwa.
Nikawaza: yaani nanunua makaburi ya wengine
kwa mkopo?

Nikachukua panga, nikaenda mpakani.

Pale kati yetu na kina Aseka
umesimama ua wa amalulu, umenipita kimo,
maua yake ya manjano hayana haya.
Mbuzi huyanusa wakageuka.
Kwa Kinyore jina lake ni uchungu mtupu,
ila Kiswahili, kikilitamka polepole,
kinaokota lulu ndani yake.

Toroli kumi na nne, nilizihesabu.
Nilikata matawi mabichi, kabla hayajawa kuni,
nikayakatakata juu ya gunia
nikayafukia mashimoni, wiki moja mbele ya mbegu.
Utomvu ukaniganda viganjani;
siku tatu ugali wangu ulikuwa shubiri,
hata chai niliyoitia sukari mara mbili.
Baba Aseka aliegemea nguzo, akaniuliza:
"Siku hizi mnapanda magugu?"
Mgongo wangu ndio uliomjibu.

Mahindi ya mwaka huu ni ya kijani. Sitasema zaidi.
Si kama yale ya kwenye kalenda ya Andayi.
Lakini kijani.

Ila kuna jambo linaninyima usingizi,
na daftari hili ni langu, acha niliandike:
jani haliumbi kitu. Jani linakopa.
Kilichomo mahindini leo kimetoka chini ya ua,
na gunia nitakalouza litaondoka nacho hadi Kisumu,
kitaliwa, kitapita mferejini, kitaishia ziwani
kinenepeshe magugumaji.
Nani atarudi na chenji?

Kwa hiyo siku hizi hakuna kinachotoka hapa bila kuulizwa.
Magunzi. Majivu. Maganda ya maharagwe.
Vichwa vya omena alivyovibagua Mmbone sahanini
nilivisaga kwa jiwe, nikavifukia,
halafu nikacheka peke yangu kama mwehu:
omena si wametoka ziwani?
Kumbe chenji hurudi,
tena yenyewe, kwa kipimo cha kikombe, sokoni Luanda.

Upande wa mashariki ua ni mnene kuliko kote,
majani mapana kama sahani.
Ndipo alipolala mama.
Huko sikukata. Nilipita na toroli
nikijifanya gurudumu ndilo linalonishughulisha.
Mmbone ndiye aliyeuliza, ana miaka tisa,
hajajua bado maswali ya kumeza:
"Na yale ya kwa nyanya?"

Mama alikuwa mtu wa kugawa.
Ukienda kumwomba chumvi alikujaza kiganja,
ukifika njiani alikuita urudi,
akuongeze.

Nimenoa panga.
Kesho, toroli moja tu.
Safu ya maharagwe, ile ya karibu na jiko.